Kanisa la Magogo la Greensted

Wasomaji wengi wamepata kuona kanisa la miti likijengwa, na wengine wamesaidia kulijenga kwa mikono yao wenyewe. Miti husimamishwa, fito hufungwa, udongo hukandikwa, na haipiti miaka mingi mchwa huanza kazi yao. Watu wakipata fedha hujenga kanisa jipya la mawe au la matofali, na lile la kwanza hubomolewa, hata watoto wasijue lilisimama mahali gani. Basi huenda msomaji akastaajabu kusikia kwamba huko Uingereza, nchi inayojulikana kwa makanisa yake makubwa ya mawe, kuna kanisa la kijiji ambalo kuta zake ni magogo ya miti, na magogo hayo yamesimama zaidi ya miaka 900. Tena si kitu cha makumbusho tu. Watu wa mtaa ule husali ndani yake hata leo.

Kanisa hilo liko Greensted, katika jimbo la Essex, upande wa kaskazini-mashariki wa mji wa London. Mji mdogo wa Chipping Ongar uko umbali wa maili moja tu. Kijiji chenyewe ni kidogo sana: nyumba chache, mashamba, miti mikubwa, na kanisa. Limewekwa kwa jina la Mtakatifu Andrea. Mgeni anayekuja akitazamia kuona kitu kikubwa atapita bila kujua, kwa maana kanisa hili ni dogo kuliko ghala za wakulima wengi wa Essex. Chumba chake cha zamani, yaani sehemu wanayokaa watu, ni yapata futi 30 kwa urefu na futi 14 hivi kwa upana, na kimo cha kuta zake za pembeni hakizidi sana kimo cha mtu. Hata hivyo wataalamu wa majengo hulihesabu kuwa kanisa la mbao la kale kuliko yote yaliyobaki duniani.

Na tuzitazame kwanza kuta hizo, maana ndizo zinazolipa sifa yake.

Mti uliotumika ni ule ambao katika Maandiko ya Kiswahili huitwa mwaloni. Ni mti mgumu, wenye maji makali ndani yake, ambayo wadudu na uvundo hawayapendi. Maseremala wa kale waliukata mti ukiwa mbichi, kwa sababu mwaloni mbichi hupasuka vizuri, lakini ukikauka huwa kama chuma. Hawakutumia msumeno. Walipigilia kabari kwenye gogo mpaka likapasuka katikati kwa kufuata nyuzi zake, likawa nusu mbili. Kila nusu ilisimamishwa wima, upande wa mviringo ukielekea nje na upande uliopasuka ukielekea ndani. Kisha ule upande wa ndani ulichongwa kwa tezo mpaka ukawa sawasawa. Kwa hiyo mtu akiwa nje huona kama boma la magogo, na akiingia ndani huona ukuta ulionyooka. Alama za tezo zinaonekana bado, na seremala yeyote wa Lamu au wa Machakos angezitambua mara moja bila kuelezwa na mtu.

Lakini kusimamisha magogo yakigusana si kazi ngumu. Ugumu ni kuuzuia upepo. Mti mbichi ukikauka husinyaa, na magogo yaliyobanana vizuri mwaka wa kwanza huacha nafasi mwaka wa pili. Ni baridi ya Uingereza tunayoisema hapa, si upepo wa jioni wa pwani. Waliotengeneza kanisa la Greensted walilijua jambo hili. Walichimba mfuo mwembamba katika kila ukingo wa gogo, tangu juu hata chini, na ndani ya mifuo miwili inayotazamana wakatia ulimi wa mbao. Magogo yaliposinyaa, ulimi ulibaki katikati na kuziba nafasi. Hakuna msumari uliotumika katika kazi hiyo. Mimi naona kwamba katika jengo zima hakuna kitu chenye akili kuliko huo ulimi mdogo, ingawa wageni wengi hupiga picha mnara tu na kwenda zao.

Msomaji atauliza, kwa nini hawakutumia mawe? Jibu ni kwamba Essex haina mawe mazuri ya kujengea. Ardhi yake ni udongo mzito, na katika siku zile sehemu kubwa ilikuwa msitu. Mawe yaliyopatikana ni yale magumu madogo ya gumegume, ambayo hutoa cheche yakigongwa, na hayo hayachongeki kwa urahisi. Waingereza wa kale, walioitwa Wasaksoni, walijenga karibu kila kitu kwa mbao, hata katika lugha yao neno lililomaanisha kujenga, timbrian, lilitokana na neno lenye maana ya mbao. Makanisa ya namna ya Greensted yalikuwa mengi. Yameoza, yameungua, au yamebomolewa ili kupisha yale ya mawe. Hili moja limebaki, na sababu moja, nadhani, ni umaskini na udogo wa kijiji: hapakuwa na tajiri aliyeona haja ya kulibomoa na kujenga kubwa zaidi.

Sasa tuje kwenye swali la umri, ambalo limewasumbua watu kwa muda mrefu.

Injili ilihubiriwa huko Essex tangu zamani. Mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa nguvu ni Cedd, mtawa aliyetoka kaskazini, ambaye aliingia Essex karibu na mwaka 653, akawa askofu wa watu wale, akafa kwa tauni mwaka 664. Kanisa alilolijenga Bradwell, kando ya bahari, limesimama hata sasa, lakini hilo ni la mawe, kwa sababu alichukua mawe ya ngome iliyoachwa na Warumi. Mwaka 1960 wataalamu walichimba chini ya sakafu ya Greensted, katika sehemu ya madhabahu, wakakuta alama za majengo mawili ya mbao yaliyotangulia hili la sasa. Mbao zenyewe zilikuwa zimeoza zamani sana, lakini mashimo ya nguzo hubaki ardhini kama madoa ya udongo wenye rangi nyingine, na mwenye macho ya kazi ile huyasoma kama sisi tunavyosoma herufi. Wataalamu walifikiri kwamba majengo hayo mawili yalikuwa ya karne ya sita na ya saba. Kwa hiyo huenda watu walikuwa wakisali mahali hapo tangu siku za Cedd.

Lakini je, magogo tunayoyaona leo? Kwa miaka mingi ilisemekana kwamba yalikatwa karibu na mwaka 845. Tarehe hiyo iliandikwa katika vitabu, wageni wakaambiwa, na wenyeji wakajivunia. Kisha katika miaka ya 1990 wataalamu wa pete za miti wakaja na vyombo vyao.

Elimu hii ni rahisi kuieleza. Katika nchi yenye majira ya baridi, mti haukui mwaka mzima. Hukua katika majira ya joto, hulala wakati wa baridi, na kila mwaka huongeza pete moja chini ya gamba lake. Mwaka wenye hali njema, pete huwa pana. Mwaka wa taabu, huwa nyembamba. Miti yote ya nchi moja huona mvua ile ile na ukame ule ule, basi mfuatano wa pete pana na nyembamba hufanana katika miti yote, kama wimbo mmoja unaopigwa kwa ngoma nyingi. Wataalamu walianza na miti iliyo hai, ambayo mwaka wa pete yake ya mwisho unajulikana. Wakachukua boriti za nyumba za zamani, ambazo pete zake za nje zililingana na pete za ndani za miti ile. Wakachukua mbao za zamani zaidi, na zaidi tena, mpaka wakapata hesabu isiyokatika inayorudi nyuma maelfu ya miaka. Sasa wakiletewa kipande cha mwaloni hukilinganisha na hesabu ile, na kila pete hupata mwaka wake. Njia hii ni ngumu zaidi katika nchi zetu za joto, kwa kuwa miti mingi huku hailali kwa mpango huo, na pete zake hazionekani wazi.

Katika magogo ya Greensted pete ya mwisho iliyopatikana ilikuwa ya mwaka 1053. Hapo msomaji asikimbilie kusema kwamba mti ulikatwa mwaka 1053. Mwaloni una kiini kigumu chenye rangi nzito, na nje yake una sehemu nyororo nyeupe, ambayo huliwa na wadudu upesi na kuchongwa na maseremala. Sehemu hiyo ya nje haikuwapo tena. Inajulikana kwamba mialoni ya Uingereza huwa na pete zipatazo 10 hadi 55 katika sehemu hiyo nyeupe. Basi tukijumlisha 10 kwa 1053 tunapata 1063. Tukijumlisha 55 tunapata 1108. Mti ulikatwa wakati fulani kati ya miaka hiyo miwili.

Kwa hiyo kanisa likapoteza umri wa miaka 200 na zaidi kwa siku moja. Huenda wengine walihuzunika. Lakini ukifikiri vema, tarehe mpya ina mambo makubwa kuliko ile ya zamani. Mwaka 1066, katikati ya miaka hiyo, Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa chini ya William, wakamshinda mfalme Harold, wakaitwaa nchi yote. Walileta lugha nyingine, mabwana wengine, na namna nyingine ya kujenga, maana wao walipenda mawe. Ama magogo ya Greensted yalikatwa muda mfupi tu kabla ya msiba huo, au yalikatwa baadaye, na maseremala wa kijiji waliendelea kujenga kama baba zao walivyowafundisha, ingawa nchi ilikuwa mikononi mwa wageni. Mtu anaweza kushindwa vitani bila kusahau jinsi ya kushika tezo.

Tarehe hiyo imegusa hadithi nyingine pia. Edmund, mfalme wa Anglia ya Mashariki, aliuawa na Wadenmark mwaka 869, na watu wakamheshimu kama mtakatifu. Mwaka 1010 Wadenmark walipokuwa wakiteketeza nchi tena, watawa waliuchukua mwili wake kutoka mji ambao sasa huitwa Bury St Edmunds, wakaupeleka London kwa usalama. Mwaka 1013 waliurudisha, na njiani, hivi ndivyo inavyosimuliwa, mwili ulilala usiku katika kanisa la mbao karibu na Ongar. Watu wa Greensted wamesema siku zote kwamba kanisa hilo ni lao. Je, yawezekana? Magogo ya sasa hayawezi kuushuhudia usiku huo, kwa maana mwaka 1013 yalikuwa bado miti mibichi msituni. Walakini tumeona kwamba chini ya sakafu palikuwa na makanisa ya mbao kabla ya hili. Basi hadithi haikubomoka. Imeshuka tu chini ya ardhi.

Hadithi nyingine haikupata bahati hiyo. Katika ukuta wa kaskazini kuna tundu dogo, na wageni wengi wameambiwa kwamba wakoma, ambao hawakuruhusiwa kuingia, walisimama nje na kuchungulia ibada kupitia hapo. Ni hadithi inayogusa moyo, nayo hupendwa sana. Lakini wataalamu huona kwamba yaelekea palikuwa mahali pa kuweka maji matakatifu karibu na mlango wa zamani. Mimi husikitika kidogo wakoma wanapoondolewa katika habari hii, lakini habari ya kweli ni afadhali.

Sehemu nyingine za jengo ni za nyakati mbalimbali, nazo zinaonyesha jinsi kila kizazi kilivyotia mkono wake. Wanormani walijenga sehemu ya madhabahu kwa mawe ya gumegume, na mstari wa mawe hayo unaonekana bado chini ya kuta zake. Karibu na mwaka 1500 sehemu hiyo ilijengwa upya kwa matofali mekundu, na mlango wake mdogo wa matofali ni kazi nzuri sana. Yaelekea paa la kwanza lilikuwa la nyasi. Baadaye likaezekwa vigae, na madirisha madogo yakatobolewa katika paa lenyewe ili kuleta mwanga. Kabla ya hapo ndani palikuwa na giza, na watu walitegemea taa na mlango. Mnara ulio upande wa magharibi, uliofunikwa kwa mbao na kupakwa rangi nyeupe, ni wa miaka ya karibuni kuliko magogo, na mojawapo ya kengele zake ina mwaka 1618 na jina la aliyeitengeneza, William Land. Karibu na mlango kuna jiwe la kaburi la karne ya 12, ambalo husemwa kuwa la mpiga upinde aliyekwenda katika vita vya msalaba.

Basi mtu akitembea kutoka mnarani mpaka madhabahuni, hatua chache tu, amepita mbao, magogo, gumegume na matofali.

Jambo linalonifikirisha zaidi ni lile lililofanyika mwaka 1848.

Yeyote aliyejenga kwa miti anajua kwamba nguzo haiozi juu, wala haiozi chini kabisa ndani ya ardhi. Huoza pale inapotokeza, mahali ambapo unyevu na hewa hukutana. Magogo ya Greensted yalikuwa yakisimama juu ya boriti ndefu ya mwaloni iliyolazwa chini, na kwa karne nyingi maji ya mvua yalikuwa yakiirukia boriti hiyo na miguu ya magogo. Kufikia katikati ya karne ya 19 miguu ilikuwa imeoza. Kanisa lilikuwa hatarini, maana ukuta ukishuka, paa hufuata.

Watengenezaji walifanya hivi: waliyashusha magogo, wakakata sehemu zilizooza, wakajenga ukuta mfupi wa matofali, na juu yake wakayasimamisha magogo tena katika mpango wake. Madirisha ya paa yakafanywa mapya, na baraza ya mlango ikajengwa. Hivyo magogo ni mafupi kuliko yalivyokuwa, na ule ukuta wa matofali unaoonekana chini yake si wa kale.

Wako waliowalaumu kwa kazi hiyo. Husema kwamba walikata ushahidi: laiti wangeiacha ile miguu, leo tungejua kwa hakika kama magogo ya kwanza yalichimbiwa ardhini au yaliwekwa juu ya boriti tangu mwanzo. Tena walitia mapambo mengi ya kuchonga ambayo mafundi wa Kisaksoni wasingeyatambua. Lawama hizo zina haki ndani yake. Lakini upande wa pili, wasingefanya lolote, sisi tusingekuwa na magogo ya kuyahesabia pete. Wengine wangeona afadhali kulibomoa na kujenga jipya; katika miaka ile makanisa mengi ya kale ya Uingereza yalivunjwa au kubadilishwa yasijulikane tena. Mimi nawaunga mkono waliokata. Mguu uliooza ukikatwa, mtu huishi. Kosa lao lilikuwa kutoweka kumbukumbu ya kutosha ya kila walichokiondoa, na kosa hilo lingeweza kuepukwa kwa karatasi na wino. Katika Norway pia kuna makanisa ya mbao ya kale, kama lile la Urnes la karibu na mwaka 1130, na siri ya kudumu kwake ni hiyo hiyo: nguzo zimeinuliwa juu ya boriti na mawe, hazigusi udongo. Yeyote kati yetu anayetaka kanisa la miti, au nyumba ya miti, idumu kuliko yeye mwenyewe, na aanzie hapo kwenye mguu wa nguzo.

Imebaki habari moja, ambayo si ya magogo bali ya watu sita.

Mwaka 1833, katika kijiji cha Tolpuddle, jimbo la Dorset, mbali na Essex, vibarua wa mashamba walikuwa wakiona mshahara wao ukipunguzwa mara kwa mara. Ulikuwa umeshuka hata shilingi 7 kwa juma, na wakaambiwa utashuka hata shilingi 6. Mtu mwenye mke na watoto hakuweza kuishi kwa fedha hizo. Wakaunda chama cha kusaidiana, wakakubaliana wasifanye kazi kwa mshahara usiotosha. Kiongozi wao alikuwa George Loveless, kibarua wa jembe na mhubiri wa Kimethodisti. (Tawi moja la Wamethodisti ndilo lililofungua misheni ya Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862.) Vyama vya wafanyakazi havikukatazwa na sheria wakati ule. Lakini walipoingia chamani walikuwa wameapa kiapo cha siri, na wenye mashamba wakatafuta sheria ya mwaka 1797, iliyotungwa kwa sababu ya maasi ya mabaharia, iliyokataza viapo vya namna hiyo. Kwa sheria hiyo ya mabaharia vibarua sita wa shamba walihukumiwa mwezi wa Machi 1834: miaka 7 ya kazi ya kifungo huko Australia. Majina yao ni George Loveless na ndugu yake James, Thomas Standfield na mwanawe John, James Brine, na James Hammett.

Hukumu hiyo iliwakasirisha watu wengi. Mwezi wa Aprili umati mkubwa ulikusanyika London na kuandamana kwa utulivu, wakichukua barua ya maombi yenye sahihi za malaki ya watu. Serikali ilikataa kwanza, lakini mwaka 1836 watu wale sita walisamehewa, wakarudi mmoja mmoja na wachache wachache kati ya mwaka 1837 na 1839. Warudi wapi? Kurudi Tolpuddle, kwa wenye mashamba wale wale, ilikuwa vigumu. Wale waliowatetea walikusanya fedha, wakawakodishia mashamba huko Essex. Ndivyo George Loveless alivyofika Greensted, katika shamba liitwalo New House, na jamaa zake wakawa watu wa mtaa wa kanisa la magogo.

Hawakupokewa vizuri na kila mtu. Wakubwa wa mahali pale waliogopa kwamba watu hawa wangeanza kuwafundisha vibarua wa Essex mambo ya Dorset. Na kwa kweli hawakunyamaza, walizungumza juu ya haki ya watu maskini kupiga kura. Lakini kanisa la mtaa ni la mtaa wote. Mwezi wa Juni 1839, James Brine, aliyekuwa mdogo kwa umri kuliko wenziwe wote sita, alimwoa Elizabeth, binti wa Thomas Standfield, katika kanisa la Greensted. Walisimama kati ya kuta zile miaka 9 kabla ya magogo kukatwa miguu, wakati mwaloni wa chini ulikuwa bado unaoza polepole bila mtu kuugusa.

Hawakukaa sana. Katika miaka ya 1840, muda wa kukodi mashamba ulipokuwa ukiisha, watano kati yao walichukua jamaa zao wakahamia Canada, karibu na mji ambao nao huitwa London. Huko walilima, wakazeeka, na inasemekana hawakupenda kuwasimulia watoto wao habari za kifungo. George Loveless alikufa huko mwaka 1874, na James Brine mwaka 1902. Hammett peke yake alirudi Tolpuddle, akafa huko mwaka 1891. Nyumba ya shamba la New House imesimama hata leo huko Greensted, mwendo mfupi kutoka kanisani.